Sura ya Saba: Lenzi, Umbali na Saa Kumi na Moja ya Jioni

Kijana anayeanza kupiga picha za mpira katika Kivu ya Kusini huuliza kwanza anunue lenzi ya milimita ngapi. Muuzaji wa Bukavu au wa Kampala atamjibu upesi, maana anajua kwamba lenzi ndefu humvuta mnunuzi kuliko kitu kingine chochote dukani. Mimi ningemuuliza maswali mawili kabla hajatoa pesa. Siku ya mechi utakaa wapi? Na mechi inamalizika saa ngapi? Mwenye majibu ya hayo mawili ameshachagua lenzi yake, hata kama bado hajui jina lake.

Katika sura hii nitaitumia Katana kama mfano, kwa kuwa viwanja vyake vinafanana na vile ambavyo wasomaji wangu wengi watapigia picha zao za kwanza. Katana iko karibu kilomita 50 kaskazini mwa Bukavu, katika eneo la Kabare, kwenye barabara ya taifa namba 2 inayopita Kavumu, kisha Kalehe na Minova, mpaka Goma. Mashariki kuna Ziwa Kivu na kisiwa cha Idjwi. Magharibi ardhi inapanda kuelekea Lwiro na msitu wa Kahuzi-Biega, ambako mlima Kahuzi unafika mita 3,308. Kila moja ya mambo haya linaingia ndani ya picha, kama tutakavyoona.

Kiwanja cha kijijini huku, kiwe cha shule au cha parokia, hakina jukwaa, hakina mbao za matangazo, hakina taa. Watazamaji wanasimama juu ya mstari wenyewe. Mwenye kamera anaweza kukaa chini kando ya nguzo ya goli bila mtu kumuuliza kitambulisho, mradi amewasalimu viongozi wa timu na mwamuzi kabla ya mechi. Linganisha na fainali ya CHAN ya tarehe 7 Februari 2016 katika uwanja wa Amahoro mjini Kigali, siku Kongo ilipoifunga Mali 3–0. Katika mashindano kama hayo mpiga picha huvaa fulana ya namba, hupangiwa mahali nyuma ya mbao za matangazo, na haruhusiwi kusogea hata mchezo ukihamia upande mwingine. Lenzi kubwa za milimita 400 tunazoziona kwenye televisheni zinaendana na sheria hizo. Wenzetu wanazibeba kwa sababu wamezuiwa kusogea karibu. Katana hakuna anayekuzuia, na uhuru huo una thamani ya maelfu ya dola. Ni kosa kubwa kulipia usichokihitaji.

Hesabu ya mita

Kuna hesabu fupi ambayo ningependa kila msomaji aiweke kichwani. Tuseme unataka mchezaji mmoja ajae vizuri katika picha ya wima, akiwa na nafasi kidogo juu ya kichwa na chini ya viatu. Picha hiyo inahitaji kuona kimo cha mita mbili na nusu hivi. Kama kamera yako ina kihisi kikubwa, kile cha upana wa milimita 36, gawanya milimita za lenzi kwa 14 nawe utapata umbali kwa mita. Kama ina kihisi kidogo, cha milimita 22 mpaka 24, ambacho ndicho kilichomo katika kamera nyingi za bei nafuu za Canon na Nikon, gawanya kwa 9.

Fanya hesabu hiyo kwa lenzi ya 200. Kwenye kihisi kikubwa, mchezaji anajaa akiwa mita 14 kutoka kwako. Kwenye kihisi kidogo, akiwa mita 22. Lenzi ya 85 kwenye kihisi kidogo inakupa mita 9 na ushee. Lenzi ya 400 kwenye kihisi kikubwa inakupa 28 na ushee. Sasa tazama kiwanja chenyewe. Kutoka mstari wa goli mpaka nukta ya penalti ni mita 11, na eneo la penalti linaishia mita 16 na nusu. Ukikaa kwenye mstari wa goli, hatua kadhaa pembeni ya nguzo, karibu kila pambano la maana ndani ya eneo hilo litatokea kati ya mita 6 na 22 kutoka kwako. Lenzi ya 70 mpaka 200 inalimiliki eneo hilo lote.

Katikati ya uwanja kuko mita 50 hivi kutoka hapo ulipo. Ili mchezaji wa katikati ajae kwenye picha ungehitaji milimita 450 kwenye kihisi kidogo, na 700 kwenye kikubwa. Hakuna mtu anayefunika uwanja mzima akiwa amekaa mahali pamoja, hata wale wa Kigali. Mpiga picha mzuri wa mpira huchagua goli moja na kulikalia. Kipindi cha kwanza atakaa upande ambao timu ya nyumbani inashambulia, na kipindi cha pili atahama. Yanayotokea katikati atayaacha yapite, au atayapiga kwa upana yakiwa na watu wengi, milima na anga. Kijana akinunua lenzi ya 600 ili afikie katikati ya uwanja, goli litakapofungwa mbele yake atapata picha ya sikio.

Kukaa chini kuna faida nyingine. Kamera ikiwa kwenye kimo cha goti, mchezaji anayeruka kupiga kichwa hupanda juu ya upeo wa macho na kuonekana angani. Kamera ikiwa kwenye kimo cha macho ya mtu aliyesimama, mchezaji huyo huyo huzama katika umati wa nyuma. Kuna pia umati wa mbele. Kwa kuwa Katana watu husimama kwenye mstari, lenzi ndefu inayopigwa kutoka nyuma yao hujaa mabega. Kaa mbele yao, chini, ili nao waendelee kuona. Watoto watakuja: “Yaya, unipige foto!” Wapige mapema, kabla ya filimbi ya kwanza, uwaonyeshe kwenye kioo cha kamera, na wengi wao watakuachia nafasi yako mpaka mwisho.

Hesabu ya mwanga

Hapa ndipo pesa inapopaswa kwenda. Mchezaji anayekimbia kwa kasi ya mita 8 kwa sekunde husogea milimita 8 katika muda wa 1/1000 ya sekunde, na milimita 32 katika 1/250. Mpira uliopigwa kwa nguvu, wenye kasi ya mita 25 kwa sekunde, husogea sentimita mbili na nusu katika 1/1000, na sentimita 10 katika 1/250, wakati kipenyo chake chote ni kama sentimita 22. Kwa hiyo 1/1000 ndiyo kasi ya shata ninayoianzia kwa mpira. Chini ya 1/500 miguu huanza kufutika, na mpira hugeuka yai.

Kasi hiyo inakula mwanga, na mwanga wa Katana una tabia yake. Mahali hapa pako digrii 2 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua huzama karibu na saa kumi na mbili ya jioni mwaka mzima, na giza huingia haraka. Tena milima iko magharibi: jua hujificha nyuma ya mgongo wa Kahuzi mapema, na kiwanja huingia kivulini wakati ziwa bado linang’aa. Mechi iliyopaswa kuanza saa tisa ikichelewa mpaka saa tisa na nusu, dakika 20 za mwisho zitachezwa saa kumi na moja na kitu. Hizo ndizo dakika za penalti, za kadi nyekundu, za kocha kuingia uwanjani, za goli linaloamua. Lenzi yako ipimwe kwa saa hiyo. Saa nane mchana kila lenzi ni nzuri.

Nitoe tarakimu. Jua likiwa kali, lenzi ya f/5.6 na ISO 400 zinakupa 1/3200 ya sekunde, yaani ziada tele. Mawingu mazito ya msimu wa mvua, ambao huku huanza Septemba na kwenda mpaka Mei, yanashusha kasi hiyo hadi 1/400 hivi. Utapandisha ISO mpaka 1000 ili urudi kwenye 1/1000. Kiwanja kikiingia kivulini na jioni ikaja, lenzi hiyo hiyo ya f/5.6 itakudai ISO 6400. Lenzi ya f/2.8 itadai 1600. Lenzi ya f/1.8 itadai kama 640. Mwenye Canon 600D ya mwaka 2011 au Nikon D3200 ya 2012, kamera ambazo bado zinafanya kazi mikononi mwa watu wengi, anajua ISO 6400 inavyofanya uso wa mtu: chenga chenga kila mahali, na ngozi nyeusi ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu chenga hukaa katika sehemu za giza. Kwenye 1600 kamera hizo bado zinatoa picha ambayo gazeti linaweza kuichapa.

Tofauti kati ya f/5.6 na f/2.8 ni mwanga mara nne, na bei inafuata kipimo cha kioo. Namba ya f hupatikana kwa kugawa milimita za lenzi kwa upana wa tundu lake. Lenzi ya 200 yenye f/5.6 inahitaji tundu la milimita 36. Ikiwa f/2.8 inahitaji milimita 71. Lenzi ya 400 yenye f/2.8 inahitaji milimita 143, upana wa sahani ndogo, na ndiyo maana ina uzito wa karibu kilo 3 na bei mpya ya dola 12,000 hivi. Lakini 85 yenye f/1.8 inahitaji milimita 47 tu. Ni ndogo, nyepesi, na iliyotumika huweza kupatikana kwa chini ya dola 300. Hakuna lenzi nyingine ninayoijua inayompa mpiga picha maskini mwanga mwingi kiasi hicho pamoja na urefu wa kutosha kukaa kando ya goli.

Yapo malipo yake. Tundu likiwa wazi sana, sehemu ya picha iliyo kali huwa nyembamba. Lenzi ya 200 kwenye f/2.8, mchezaji akiwa mita 15 kutoka kwako, hukupa ukali wa mita moja tu kutoka mbele hadi nyuma. Ile ya 85 kwenye f/1.8, kwa mita 9 na kihisi kidogo, hukupa sentimita 80. Mtu anayekimbia kuja kwako huvuka kipande hicho chini ya robo ya sekunde. Kwa hiyo mota ya fokasi ni sehemu ya ubora wa lenzi sawa na kioo. Weka kamera kwenye fokasi ya kufuatilia, ile ambayo Canon huiita AI Servo na Nikon AF-C, tumia nukta moja ya katikati au kundi dogo la nukta, na anza kumfuata mchezaji kabla mpira haujamfikia. Zawadi ya wembamba huo ni kwamba mashati yaliyoanikwa, pikipiki zilizoegeshwa na umati wa nyuma huyeyuka, na mchezaji hubaki peke yake.

Upande wa kukaa nao unahesabiwa katika mwanga. Alasiri, jua likiwa bado juu ya milima, kaa upande wa magharibi wa kiwanja. Jua litakuwa mgongoni kwako, nyuso zitaonekana, na nyuma ya wachezaji kutakuwa na ziwa. Likishuka, wakati wa kiangazi cha Juni mpaka Agosti, vumbi likisimama hewani, vuka upande wa mashariki upige kuelekea mlimani: vumbi litawaka nyuma ya miguu. Kwa picha hiyo unahitaji kifuniko cha mbele cha lenzi, kile cha plastiki kinachozuia jua lisipige kioo moja kwa moja. Wengi hukitupa. Kitunze, maana pia hupokea pigo la mpira badala ya kioo.

Kununua kilichotumika

Karibu kila mtu atanunua lenzi iliyokwisha kutumika, iliyopitia Dubai, Kampala au Kigali. Hapo mtego wa kwanza ni ndoa ya lenzi na kamera. Lenzi za zamani za Nikon zenye alama ya AF-D, kama ile 80–200 f/2.8 ambayo ni imara na bei yake imeshuka sana, hazina mota ndani. Huzungushwa na mota iliyo kwenye kamera. Kamera za Nikon za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina mota hiyo. Ukiifunga lenzi hiyo kwenye D3200 utalazimika kuzungusha fokasi kwa mkono, na kwenye mpira hiyo ni kazi ya watu wachache mno. Kuanzia mfululizo wa D7000 kwenda juu mota ipo. Mtego wa pili ni kinyume chake: lenzi mpya za Nikon za alama ya AF-P hazifanyi fokasi kwenye kamera kadhaa za zamani, D3100 na D90 zikiwemo. Kwa Canon mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa lenzi zote za fokasi za aina ya EF zina mota ndani, na zinaingia hata kwenye kamera mpya za R kwa kutumia adapta.

Ukishaishika, washa tochi ya simu uimulike lenzi kutoka nyuma huku ukitazama kwa mbele. Nyuzi nyembamba kama za buibui ndani ya kioo ni kuvu. Hewa yetu ya kando ya ziwa ina unyevu, na kuvu aliyekwisha kuingia ataendelea kukua. Lenzi hiyo irudishe mezani hata kama bei ni nzuri. Vumbi kidogo ndani halina madhara. Mkwaruzo kwenye kioo cha mbele huathiri kidogo kuliko watu wanavyodhani. Mkwaruzo kwenye kioo cha nyuma, kilicho karibu na kihisi, huonekana waziwazi. Tazama vipande vya tundu: viwe vikavu, bila mafuta, vifunguke na kufunga mara moja. Kisha ifunge kwenye kamera yako mwenyewe, toka nje ya duka, na ufuate pikipiki inayokuja kwako barabarani kwa mfululizo wa picha. Kuza kila picha uone kama namba ya pikipiki inasomeka. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekujibu.

Nyumbani, ihifadhi ndani ya chombo cha plastiki kinachoziba vizuri, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Wakati wa mvua mfuko wa plastiki wenye tundu la kupitisha lenzi unatosha.

Niseme pia juu ya zumu nyepesi za 55–250, 70–300 na kadhalika, zenye f/4 zikiwa fupi na f/5.6 au f/6.3 zikivutwa hadi mwisho. Sizidharau. Canon 55–250 ya STM ina uzito wa gramu 375, fokasi yake ni ya kuaminika, na kwa mechi ya asubuhi au ya mashindano ya shule saa nane mchana inafanya kazi safi. Udhaifu wake ni dakika 20 nilizotaja. Zile za 150–600 za Sigma na Tamron ni za ndege, na za sokwe wa Lwiro waliokaa juani. Kwenye mpira wa jioni hazifai. Kuongeza kiunganishi cha kurefusha lenzi nako kunagharimu mwanga: cha mara 1.4 hukata nusu, cha mara 2 hukubakizia robo. Mwenye f/5.6 akifunga cha mara 2 amebaki na f/11, na kamera nyingi za zamani hapo huacha kufanya fokasi kabisa.

Kazi ya lenzi fupi

Tarehe 25 Mei 1965, huko Lewiston, Marekani, Muhammad Ali alimwangusha Sonny Liston katika raundi ya kwanza. Neil Leifer, kijana wa miaka 22, alikuwa na Rolleiflex, kamera yenye lenzi ya kawaida isiyovutwa wala kurefushwa. Picha yake ya Ali akiwa amesimama juu ya Liston ni miongoni mwa picha za michezo zinazojulikana zaidi duniani. Ndani ya picha hiyo, katikati ya miguu ya Ali, anaonekana mpiga picha mwenzake, Herbert Scharfman, aliyekaa upande wa pili wa ulingo na kuuona mgongo wa Ali. Upande aliokaa ndio uliompa Leifer picha.

Nina mfano wa kwetu ambao naurudia kila ninapofundisha. Tarehe 22 Juni 1974, Gelsenkirchen, Zaire ikicheza na Brazil, Mwepu Ilunga alichomoka kwenye ukuta na kuupiga mbali mpira ambao Wabrazil walikuwa wakijiandaa kuupiga. Fikiria mpiga picha aliyekuwa amembana mpigaji wa Brazil kwa lenzi ya 400 wakati huo. Alimpata Mbrazil mmoja akishangaa. Tukio hilo lilihitaji kuonekana kwa upana: ukuta, mwamuzi, mpira na yule mmoja anayekimbia. Kuna nyakati ambapo lenzi ya 35 au 24 ndiyo inayojua habari.

Mbio za baiskeli ziko hivyo karibu daima. Kigali ilipopokea mashindano ya dunia ya baiskeli Septemba 2025, ya kwanza katika bara la Afrika, Tadej Pogačar alianza kushambulia zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100. Watazamaji waliokuwa kando ya barabara kwenye miinuko walimwona akipita umbali wa mkono. Lenzi ya 200 hapo ingekata kichwa. Ile ya 35, ikishikwa chini karibu na lami, ingebeba baiskeli, vilima na watu wanaopiga kelele.

Na baiskeli, au pikipiki za barabara ya Kavumu, zina njia yake ya kushinda giza bila pesa. Shusha shata mpaka 1/60 au 1/30, geuza kiuno ukimfuata mpanda baiskeli kwa mwendo wake, bonyeza ukiwa bado unageuka na usisimame. Yeye atabaki mkali, na ulimwengu nyuma yake utakuwa mistari. Kai Pfaffenbach wa Reuters na Cameron Spencer wa Getty walifanya hivyo Rio mwaka 2016, Usain Bolt alipogeuka na kutabasamu katika nusu fainali ya mita 100. Kwa njia hiyo lenzi ya f/5.6 inakuwa na mwanga wa kutosha hata saa kumi na mbili kasoro. Utapoteza picha nyingi kabla ya kupata moja. Ni kawaida ya kazi hiyo.

Simu nayo ni lenzi fupi. Kamera kuu ya simu nyingi inaona kama lenzi ya 24 mpaka 26 kwenye kihisi kikubwa. Gawanya 26 kwa 14: mita mbili kasoro. Huo ndio umbali ambao simu inapiga picha nzuri ya mtu. Kwenye simu nyingi, ukivuta kwa vidole, unakata tu pembe za picha. Kwa hiyo mwenye simu peke yake aache pambano la golini, asubiri wanaosherehekea waje pembeni, na apige kocha akizungumza na vijana wakati wa mapumziko.

Lipo jambo moja zaidi kuhusu ukubwa wa lenzi, nalo si la ufundi. Februari 2025 wapiganaji wa M23 waliteremka kwa barabara hii hii ya Kalehe na Katana, wakauchukua uwanja wa ndege wa Kavumu, kisha Bukavu. Mahali palipo na watu wenye silaha, lenzi ndefu, hasa zile nyeupe za Canon, huonekana kutoka mbali na huuliziwa. Usiielekeze kwenye kizuizi cha barabara, daraja, askari au uwanja wa ndege, hata kwa kujaribu fokasi. Omba ruhusa kwa wenyeji na kwa wenye mamlaka ya mahali kabla ya mechi. Safiri na lenzi imefungwa ndani ya mkoba wa kawaida wa mgongoni. Ile ya 85 inaingia mfukoni mwa koti, na kwangu hiyo ni sababu kamili ya kuipenda.

Basi uamuzi wangu kwa Katana ni huu. Mwenye dola 300 anunue 85 f/1.8 na akae kando ya goli. Mwenye dola 600 au 700 atafute 70–200 f/2.8 ya kizazi cha zamani, au 80–200 kama kamera yake ya Nikon ina mota, na asitafute nyingine kwa miaka mingi. Lenzi ya 400 aiache mpaka siku atakapopewa fulana ya namba na mahali nyuma ya mbao za matangazo. Siku hiyo shirika linalomtuma huenda likamwazima. Na wewe uliyekwisha kuweka pesa kando, usiende dukani bado. Jumapili ijayo nenda kiwanjani saa kumi na moja jioni, kaa pale utakapokaa, pima hatua zako za mita moja moja hadi kwenye nukta ya penalti, kisha zidisha kwa 9 au kwa 14 kulingana na kihisi chako. Namba utakayoipata ndiyo mwambie muuzaji.